Kofia ya Mmoja ni Aibu, Kofia ya Wote ni Sare

Juma hili hatuandiki juu ya akiba wala juu ya sabuni. Tunaandika juu ya kofia, na tunaanza kwa kukiri kosa letu sisi walimu.

Mwaka wa masomo ulipoanza, mwezi wa 9, tulipokea katika darasa la 3 binti mmoja mwenye ualbino. Jina lake hatulitaji, lakini mama yake ameturuhusu kusimulia mengine yote. Siku ya kwanza alifika akivaa kofia pana ya kaka yake, ile ya kuchungia ng'ombe, iliyokuwa kubwa mno hata ikamshukia machoni. Watoto walicheka. Tulipopanga mistari mbele ya bendera, tulimwendea, tukamvua ile kofia, tukaiweka kwenye dirisha la darasa. "Shuleni hatuvai kofia," tulimwambia. "Ni kukosa adabu." Binti hakulia wala hakubisha. Kesho yake alikuja bila kofia, na kesho kutwa vilevile. Tukafurahi kwamba ni mtoto msikivu.

Mwezi wa 11 mama yake alikuja shuleni, mtoto mdogo mgongoni, jembe mkononi. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja. Alitusalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema: "Walimu, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza tu. Nikimvalisha binti yangu kofia asubuhi, anaificha kwenye majani njiani. Nimempiga, nimembembeleza, hasikii. Anasema walimu hawapendi kofia. Ni walimu gani hao?"

Tulitazamana. Kisha mama akamgeuza mtoto, akatuonyesha sikio lake la kushoto. Juu ya sikio palikuwa na gamba gumu, na chini yake kidonda kidogo kisichokauka. Midomo nayo ilikuwa imepasuka. Kwa miezi miwili tulimwona mtoto yule kila siku, na lile sikio hatukuliona.

Tuna diploma za ISP, akina mama. Tulifundishwa kutayarisha somo, kuandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, kupima kama mtoto ameelewa. Juu ya jua tulijifunza kwamba dunia inalizunguka na kwamba majani yanalihitaji. Jua tulilijua kama somo la sayansi. Kama kitu cha kumwumiza mtoto aliyesimama kwenye mstari mbele yetu, hatukulifikiria kamwe.

Tulikwenda pamoja na mama huyo kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliangalia sikio, akamtuma kwa daktari kule Uvira. Tunawaambia mapema ili msikae na wasiwasi: haikuwa saratani. Ilikuwa ngozi iliyoungua mara nyingi mahali pamoja, ambayo ikiachwa hivyo kwa miaka inaweza kugeuka saratani. Daktari aliitibu, kidonda kikafunga. Lakini alimwambia mama neno ambalo tumelibeba hadi leo: dawa ya kwanza ya mtoto huyu ni kofia na mikono mirefu, na dawa hiyo haiwezi kufanya kazi ikiwa imefichwa kwenye majani.

Hapo ndipo tulipoanza kujiuliza: ni nini kinachomfanya mtoto wa shule ajikinge na jua au asijikinge? Tulidhani jibu ni ujuzi, kwamba ukimweleza, atafanya. Lakini binti huyu alijua kuliko sisi. Mama yake alimweleza tangu alipoanza kutembea. Tulipochunguza kwa utulivu, tuliona mambo manne yenye nguvu kuliko maelezo.

La kwanza ni baridi yetu. Wenzetu wa Uvira na wa Bonde la Ruzizi wanakimbia jua kwa sababu linawachoma, na mtu akikaa juani saa sita wanamshangaa. Huku milimani ni kinyume. Asubuhi kuna ukungu, darasa ni baridi, na kengele ya mapumziko ikilia watoto wote wanakimbilia ule ukuta unaopigwa na jua. Kwetu jua ni moto usiohitaji kuni. Nani amkimbie rafiki? Lakini joto la jua na ukali wa jua si kitu kimoja. Kinachounguza ngozi ni mionzi ambayo haionekani kwa macho wala haina joto la kuhisi. Kadiri unavyopanda mlima, hewa ya kuizuia inapungua. Wataalamu wanasema kila mita 1,000 unazopanda, mionzi hiyo inaongezeka kwa karibu sehemu 10 kwa 100. Uvira iko kwenye mita zipatazo 770. Anayetoka huko hadi vilima vyetu vya juu anaongeza zaidi ya mita 1,000. Basi sisi tunaotetemeka ndio tunaopigwa zaidi. Na mawingu membamba hayasaidii sana, mionzi inapenya.

La pili ni saa. Watoto wa asubuhi wanaingia saa moja na nusu, wanapumzika karibu saa nne, wanatoka saa sita na nusu. Watoto wa mchana wanatoka nyumbani saa ile ile ya sita kuja shuleni. Yaani saa ambazo mtoto yuko nje ndizo saa za jua kali, kwa maana hatari kubwa ni kuanzia saa nne hadi saa kumi. Na mwaka wetu wa masomo unafuata jua wima kabisa: mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya mwezi wa 3 na mwanzoni mwa mwezi wa 10, jua la saa sita linasimama juu ya vichwa vyetu barabara. Sisi tuliongeza ubaya kwa kupanga mazoezi ya viungo saa tano. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliona tu kwamba saa hiyo watoto wamechoka kuandika.

La tatu ni sheria na desturi ya adabu. Tulikua tukifundishwa kwamba mvulana huvua kofia mbele ya wakubwa, mbele ya bendera, ndani ya kanisa na ndani ya darasa. Ni desturi nzuri, hatuivunji. Lakini shuleni tuliipanua bila kufikiri, ikawa kofia imekatazwa hata kiwanjani, hata njiani, hata kwa mtoto ambaye kofia kwake ni kama chandarua kwa mgonjwa wa malaria. Angalieni ajabu hii: siku ya posho wavulana wetu wanachunga ng'ombe wakiwa na kofia pana na fimbo, na hakuna anayewacheka. Siku ya kwanza ya juma wanaziacha nyumbani. Kichwa ni kile kile na jua ni lile lile.

La nne ndilo kubwa: macho ya wenzake. Mtoto wa miaka minane hapimi saratani itakayokuja akiwa na miaka 25. Anapima kicheko cha leo. Binti huyu tayari alikuwa na mengi ya kumtofautisha. Wengine walimwita muzungu. Wengine waliogopa kushika mkono wake. Macho yake yanachezacheza na haoni ubao vizuri, nasi tulikuwa tumemketisha nyuma kwa sababu ni mrefu. Juu ya hayo yote, kofia. Alichagua kuungua ili asiwe peke yake. Je, sisi wakubwa hatufanyi hivyo? Ni wangapi kati yetu tulioshona kikwembe cha sherehe kwa deni ili tusionekane tofauti na wengine?

Mambo haya si ya Rurambo tu. Mwaka 2008 watafiti wawili, Patricia Lund na Julie Taylor, walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi wenye ualbino vijijini Afrika Kusini, nao walikuta kwamba kinga ya watoto hao juu ya jua haikutosha. Kwa jirani zetu wa Tanzania, madaktari waliandika tangu mwaka 1985 jinsi ngozi ya watu wenye ualbino inavyoharibika mapema, na saratani inavyowakamata wakiwa bado vijana wa miaka 20 na 30, umri wa kulea. Ndiyo maana Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho wauguzi wake huenda vijijini kuwaangalia. Hapo hapo Moshi wanatengeneza mafuta ya kuzuia jua yanayoitwa Kilisun, yaliyofikiriwa kwa ajili ya ngozi ya watu hawa. Mafuta hayo ni msaada mkubwa, lakini hata wao wanafundisha kofia, nguo na kivuli pamoja nayo.

Tena kuna Australia, nchi ya watu wengi weupe na jua kali. Tangu mwaka 1981 walianza kuwafundisha watu kuvaa shati, kupaka mafuta na kuweka kofia. Katika shule zao nyingi sheria ni moja: asiye na kofia hachezi nje, anakaa kivulini. Tulipofahamu hayo tulicheka kwa huzuni. Kule mtoto anaadhibiwa kwa kukosa kofia, hapa sisi tulimwadhibu kwa kuwa nayo. Lakini tulichojifunza zaidi ni hiki: kule kofia si ya mgonjwa. Ni ya wote, kama viatu.

Basi tulimwendea Bwana Direkta. Hatukwenda na maneno mengi, tulikwenda na mama wa binti. Direkta alisikiliza, akasema: "Bendera itavuliwa kofia dakika zile chache za wimbo. Baada ya hapo, kiwanja ni cha kofia." Mazoezi ya viungo yakahamia saa mbili ya asubuhi. Binti akahamia kiti cha mbele, mbali na dirisha la jua. Na mama wa kikundi cha ushonaji, ambao wengi wenu mnawajua, walikubali kushona kofia kutokana na mabaki ya vikwembe na suruali zilizochakaa. Hatukumshonea binti mmoja. Tulianza na darasa lote la 3. Kila mzazi alileta kitambaa chake, na asiye na kitambaa alileta maharagwe kidogo ya kubadilishana.

Siku ya kwanza kiwanja kilikuwa kama soko la maua. Kofia nyekundu, za kijani, za ndege na za samaki. Binti alivaa ya kwake, ya bluu, na kwa mara ya kwanza tulishindwa kumtambua kwa mbali. Tulisimama pale mlangoni tukimtafuta kwa macho, tusimwone. Hapo tulielewa kile tulichokuwa tumemnyima: nafasi ya kuwa mmoja wa wengi. Kofia ya mmoja ni aibu, kofia ya wote ni sare.

Hatusemi kwamba yote yamekwisha. Kuna siku bado anaivua akicheza kamba, na wenzake wanamwita: "Kofia yako!" Wavulana wawili walipoteza za kwao mtoni. Baba mmoja alikuja kuuliza kama tunawafundisha watoto dini mpya. Lakini sasa anayeivua anakumbushwa na mtoto mwenzake, si na sisi. Na hilo lina nguvu kuliko fimbo yetu.

Mtatuuliza: watoto weusi wana haja gani ya kofia? Tuseme ukweli. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, na mtoto asiye na ualbino hayuko katika hatari ile ya saratani. Lakini macho hayana kinga ya ngozi. Jua kali la miaka mingi linachangia mtoto wa jicho, na mtoto anayetembea saa nzima mchana bila kofia anafika akiumwa kichwa. Kwa hiyo kofia inamfaa kila mtoto kidogo, na mmoja inamwokoa. Hiyo inatosha.

Sasa yanayotuhusu sisi akina mama, kwa maana mtoto haigi maneno, anaiga mama yake.

Kofia iwe na ukingo pande zote, upana wa vidole vinne au zaidi. Ile ya mchezo wa mpira, yenye ulimi mbele tu, inaacha masikio na shingo, na kidonda cha binti wetu kilikuwa sikioni. Nguo iwe na mikono mirefu na kitambaa kizito. Shati jeupe la shule lililofuliwa miaka mitatu hadi unaona mwanga ndani yake halizuii kitu, hasa likilowa. Sketi ndefu au suruali ni bora. Mpime mtoto wako kivuli: kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua ni kali, aingie chini ya mti au ukuta. Mtoto wa darasa la 1 anaweza kupima hivyo bila saa. Na mkienda shambani naye, mtoto mwenye ualbino aende alfajiri na kurudi mapema, au abaki kwenye kibanda akichambua maharagwe. Si kumdekeza. Ni kazi kama nyingine.

Kuhusu mafuta, tusikilizane vizuri. Mawese, mafuta ya mgando na losheni ya sokoni hulainisha ngozi, lakini hayazuii jua. Mafuta ya kweli ya kuzuia jua yameandikwa namba, na namba hiyo iwe 30 au zaidi. Hupakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Kwetu ni ghali na mara nyingi hayapatikani, kwa hiyo yakikosekana msikate tamaa, kofia na nguo ndizo za kwanza. Lakini kuna mafuta mengine tusiyachanganye na hayo: yale ya kung'arisha ngozi. Mama mmoja alitujia na kopo la namna hiyo akidhani yatamkinga mtoto kwa sababu kuna picha ya jua. Mafuta yale yanafanya kinyume: yanaiondolea ngozi rangi, na rangi ndiyo ngao yake. Sisi tunaoyapaka tunajivua kofia ambayo Mungu alitushonea, na binti zetu wanatazama.

Neno kwa mama waliozaa mtoto mwenye ualbino. Si laana, si uzinzi, wala hukumkanyagia mtu kaburi. Ualbino unatoka kwa baba na mama kwa pamoja. Kila mmoja amebeba sehemu bila kuonekana, na wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mtoto huyo. Mume asikuache peke yako na jambo lenu wawili. Mtazame mtoto ngozi kila juma: uso, masikio, midomo, shingo, mikono. Kidonda kisichopona kwa majuma manne, usikipake majani, kipeleke kituo cha afya.

Tunajua hali yetu. Kuna familia zilizohama kwa ajili ya vita na kurudi, kuna shule zilizofunga na kufungua. Mtu aliyekimbia usiku hakubeba kofia. Hatuwalaumu. Lakini katika vitu vyote ambavyo mtoto anahitaji na ambavyo hatuwezi kumpa, hiki tunaweza. Ni nusu mita ya kitambaa, sindano na uzi.

Tarehe 13 mwezi wa 6 ni siku ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka kwa ajili ya watu wenye ualbino, na dunia inaiadhimisha tangu mwaka 2015. Huwa tunaipita tukiwa katika mitihani. Mwaka huu tunawaomba kila kikundi kishone kofia za darasa moja, darasa zima, kabla ya siku hiyo. Msimshonee mtoto mmoja. Mkimshonea mmoja, ataificha kwenye majani.

Ile kofia ya kaka yake, tuliyoiweka dirishani siku ile ya kwanza, ilikaa hapo muhula mzima bila mtu kuiulizia. Tuliirudisha kwa mama wa binti kwa mikono miwili, tukaomba msamaha. Alicheka, akasema kaka mtu alikuwa anaitafuta kwa ng'ombe wake tangu mwezi wa 9.